Ruzuku ya mazao katika kaunti ya mashambani ya Iowa: nani hulipwa, na kwa sababu gani

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wa saba tangu nifike katika mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Iowa, ambako nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Rafiki yangu alinionyesha orodha ya fedha ambazo serikali ya Marekani imewalipa wenye mashamba wa kaunti yetu. Nimeona shamba moja limepokea zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka mmoja, na nimeona jina la mtu ambaye kila mmoja hapa anajua kwamba anaishi Chicago na wala hashiki jembe. Fedha hizi hutolewa kwa ajili ya nini? Ni halali mtu asiyelima kulipwa? Na mimi nikikodi ekari 20 nikalima, nitapata chochote?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo moja likieleweka, karibu yote uliyoyaona kwenye orodha hiyo yatafunguka. Sehemu kubwa ya ruzuku ya mazao nchini Marekani hutolewa kwa kufuata kumbukumbu ya kilichokuwa kikilimwa kwenye ardhi fulani miaka mingi iliyopita, si kwa kufuata kinachopandwa leo na mtu anayekipanda. Ruzuku imeshikamana na ardhi. Kwa hiyo mwenye ardhi nyingi yenye kumbukumbu nzuri hupata nyingi, mwenye ardhi chache hupata chache, na anayefika leo kutoka Uvira akiwa na nguvu zake na ujuzi wake tu huanza karibu na sifuri. Mimi naliona hilo kuwa kasoro kubwa ya mfumo wenyewe, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza ni haki tujue ulianza wapi.

Ulianza katika shida ya kweli. Katika majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, bei ya mahindi ilikuwa imeanguka kiasi kwamba kulikuwa na familia za wakulima wa Iowa zilizoyachoma mahindi kwenye jiko ili kupata joto, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mavuno yao. Mwezi Mei 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt, ambayo waziri wake wa kilimo, Henry A. Wallace, alikuwa mtu wa Iowa, ilipitisha sheria ya kuwalipa wakulima ili wapunguze eneo wanalolima, bidhaa ziadimike kidogo na bei ipande. Malipo yalipitia kwa wenye mashamba. Kule Kusini, kwenye pamba, wengi wao walichukua fedha za kupunguza eneo kisha wakawafukuza wapangaji waliokuwa wakilima kwa kugawana mavuno, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi, kwa kuwa hawakuwa tena na kazi ya kuwapa. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo mwaka 1936, nyingine zikatungwa mahali pake, na tangu hapo Bunge la Marekani limekuwa likirudia kutunga sheria ya kilimo kila baada ya miaka kadhaa. Lakini swali lile la mwanzo, yaani kama fedha imfuate anayemiliki au anayelima, halijapata kujibiwa kikamilifu hadi leo.

Mageuzi yaliyozaa hali unayoiona yalifanyika mwaka 1996. Kabla yake, malipo yalitegemea kwa kiasi fulani zao ulilopanda, na wakulima walilalamika kwamba serikali inawalazimisha kupanda mahindi hata pale soya ingewafaa zaidi. Sheria ya mwaka huo ikawapa uhuru wa kupanda wanachotaka, huku malipo yakihesabiwa kwa kumbukumbu za zamani za shamba. Hizo ndizo ekari za msingi. Kila shamba lililosajiliwa katika FSA, yaani Wakala wa Huduma za Mashamba wa Wizara ya Kilimo, lina namba yake, na chini ya namba hiyo zimeandikwa ekari kadhaa za mahindi, ekari kadhaa za soya, pengine na ngano kidogo, pamoja na mavuno ya kumbukumbu ya kila zao. Kumbukumbu hizo zimerekebishwa mara chache tu, hasa kwa sheria za 2002 na 2014, na ile ya 2025 imeruhusu ekari mpya zisizozidi milioni 30 kwa nchi nzima. Shamba likiuzwa, ekari za msingi huenda pamoja nalo. Likirithiwa, hurithiwa nalo.

Nitatoa mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme shamba lina ekari 100 za msingi za mahindi, na mavuno yake ya kumbukumbu ni busheli 150 kwa ekari. (Ekari ya Marekani ni ile ile tunayoipima Afrika Mashariki, na busheli moja ya mahindi ina uzito wa takriban kilo 25 na nusu.) Chini ya mpango unaoitwa PLC, sheria huweka bei ya marejeo kwa kila zao, na bei ya soko ikishuka chini yake, serikali hulipa pengo. Kwa mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa busheli katika sheria ya 2014, na sheria ya 2025 imeipandisha hadi dola 4.10, inaweza kusogea juu kidogo zaidi ikiwa bei za miaka iliyotangulia zilikuwa nzuri. Ikiwa wastani wa bei ya nchi nzima kwa msimu mzima wa mauzo ni dola 3.80, pengo ni senti 30. Senti 30 mara busheli 150, mara ekari 85, kwa sababu sheria hulipa asilimia 85 tu ya ekari za msingi, ni dola 3,825. Hundi yenyewe haiji mara baada ya kuvuna. Msimu wa mauzo ya mahindi huanza Septemba na kumalizika Agosti ya mwaka unaofuata, na malipo hutoka kuanzia Oktoba baada ya hapo, kwa hiyo kinacholipwa leo ni kwa ajili ya mahindi yaliyovunwa mwaka mmoja kabla.

Sasa angalia kisichoonekana katika hesabu hiyo. Hakuna mahali nilipouliza kama mkulima alipanda mahindi mwaka huo. Angeweza kupanda soya shamba zima, au majani ya ng'ombe, na bado dola 3,825 zingekuwa zake, mradi ardhi inatumika kwa kilimo na inatunzwa kwa masharti ya kuzuia mmomonyoko na kulinda maeneo oevu. Wala sikuuliza kama alipata hasara. Mtu aliyeuza mahindi yake mapema kwa bei nzuri ya dola 4.50 analipwa sawa na jirani yake aliyeyauza kwa dola 3.60. Waliobuni utaratibu huu walikuwa na hoja yenye uzito, kwamba malipo yasiyotegemea zao la leo hayamshawishi mkulima kujaza soko kwa zao moja, na kwa hiyo yanawadhuru kidogo zaidi wakulima wa nchi nyingine. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini gharama yake ni kwamba ruzuku iliyokusudiwa kumwokoa mkulima aliye taabani humfikia pia asiye taabani, na humfikia kwa wingi kadiri alivyo na ardhi nyingi.

Mpango wa pili, ambao mkulima wa Iowa huuchagua mara nyingi badala ya PLC, huitwa ARC, na hapa ndipo neno kaunti linapobeba uzito. Serikali huangalia mavuno ya wastani ya kaunti nzima na bei ya nchi kwa miaka mitano, huondoa mwaka wa juu kabisa na wa chini kabisa, kisha hupata wastani wa mitatu iliyobaki. Hicho ndicho kipimo cha mapato ya kawaida ya ekari moja katika kaunti hiyo. Mapato ya mwaka yakishuka chini ya asilimia 86 ya kipimo, na sasa asilimia 90 kwa sheria ya 2025, wenye ekari za msingi katika kaunti hulipwa tofauti hadi kikomo fulani. Matokeo yake ni ya ajabu kwa mtu mmoja mmoja. Mvua ya mawe ikiangamiza shamba lako peke yako huku kaunti yote ikivuna vizuri, ARC haikupi hata senti. Wewe ukivuna vizuri mwaka ambao kaunti imeungua kwa ukame, utalipwa. Na mashamba mawili yaliyotenganishwa na barabara ambayo ndiyo mpaka wa kaunti, yenye udongo mmoja na mvua moja, yanaweza kulipwa tofauti kabisa. Nimeona watu wakishuku rushwa kwa sababu ya tofauti kama hizo, nao walikuwa wakitazama tu mstari wa mpaka uliochorwa katika karne ya 19.

Hata hivyo, PLC na ARC peke yake ni nadra kuelezea dola 400,000 za mwaka mmoja. Mfano wangu wa hapo juu ulitoa takriban dola 38 kwa kila ekari ya msingi. Ungehitaji maelfu ya ekari kufika huko. Kwa hiyo ningeutazama kwanza mwaka wenyewe. Ikiwa ni 2019 au 2020, umekutana na fedha za dharura. Julai 2018 China iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani kulipiza ushuru uliowekwa na Washington, na bei ya soya ikaanguka. Wizara ya Kilimo ikajibu kwa malipo ambayo katika miaka miwili yalifikia takriban dola bilioni 23, yakitolewa kupitia shirika lake la mikopo ya mazao lililoundwa mwaka 1933, ambalo lina uwezo wa kukopa hazina hadi dola bilioni 30 bila Bunge kupiga kura kwa kila malipo. Mwaka 2018 soya ililipwa dola 1.65 kwa busheli na mahindi senti 1, tofauti iliyowaudhi sana wakulima wa mahindi. Mwaka 2019 utaratibu ukabadilishwa: kila kaunti ikapangiwa kiwango chake, kati ya dola 15 na dola 150 kwa ekari, kwa mkulima yeyote aliyepanda zao linalokubalika. Mwaka 2020 yakaongezeka malipo ya janga la korona, na Desemba 2025 serikali ikatangaza tena msaada wa dola bilioni 12 kwa sababu za biashara na bei duni. Tofauti na ekari za msingi, fedha za dharura kwa kawaida hufuata kilichopandwa kweli au kilichovunwa, lakini nazo humpa zaidi mwenye eneo kubwa.

Kuna kikomo, na pengine umewahi kusikia habari zake. Kwa PLC na ARC kilikuwa dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na sheria ya 2025 imekipandisha hadi dola 155,000. Kwa malipo ya dharura ya 2019 kilikuwa dola 250,000. Utauliza basi shamba moja lilipitaje. Lilipita kwa sababu kikomo ni cha mtu, wakati jina uliloliona kwenye orodha huenda ni la ubia. Ndugu wawili wenye ubia wa kawaida wana vikomo viwili, wake zao wakihesabiwa kuwa ni vinne, na kila mshirika anatakiwa tu kuthibitisha kwamba anachangia mtaji, ardhi au vifaa, pamoja na kazi ya mikono au usimamizi. Usimamizi ndio mlango mpana, kwa maana ni vigumu sana kwa ofisa wa kaunti kuthibitisha kwamba mtu anayepiga simu kuulizia bei ya mbegu hasimamii shamba. Sheria ya 2018 iliwaongeza mabinamu na wapwa katika orodha ya wanafamilia wanaoweza kuhesabiwa hivyo, na ile ya 2025 imezifungulia kampuni za aina fulani njia ile ile iliyokuwa ya ubia. Kikomo kilichotobolewa hivyo ni chandarua kilichochanika: bado kinaning'inia juu ya kitanda, lakini mbu wanapita. Naamini Bunge lingeweza kukirekebisha kwa kutaka kila anayelipwa awe na saa halisi za kazi shambani, na limekuwa likipokea mapendekezo ya namna hiyo kwa miaka mingi bila kuyapitisha.

Juu ya hayo yote, orodha uliyoonyeshwa ina upungufu mmoja mkubwa ambao watu wengi hawaujui. Ruzuku ya bima ya mazao haimo. Mkulima wa mahindi wa Iowa hununua bima kwa kampuni binafsi iliyoidhinishwa, na serikali humlipia kwa wastani takriban asilimia 60 ya gharama ya bima hiyo, hulipia pia gharama za uendeshaji za kampuni, na hubeba sehemu ya hasara zao. Ruzuku hiyo haina kikomo kwa mtu wala haimzuii tajiri, na habari za mkulima mmoja mmoja zinalindwa na sheria, kwa hiyo huwezi kujua ni nani katika kaunti yako amepata kiasi gani. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua sehemu moja ya mfumo huu ya kuitetea, ningeichagua bima, kwa sababu angalau inalipa mahali palipopotea kitu. Aina inayonunuliwa zaidi huweka bei ya mwanzo kwa wastani wa soko la Chicago wa mwezi Februari na kuilinganisha na ya mwezi Oktoba, kisha hutumia iliyo ya juu kufidia mavuno yaliyopotea. Kama ulikuwa tayari Iowa tarehe 10 Agosti 2020, unaukumbuka upepo ule uliolaza mahindi chini kuvuka jimbo zima na kubomoa nyumba za kupanga ambamo familia nyingi za wakimbizi zilikuwa zikiishi huko Cedar Rapids. Wakulima wengi waliopoteza mazao siku ile walisimama tena kwa sababu ya bima. Ninachokipinga ni kwamba mwenye ekari 10,000 alipiwe asilimia ile ile anayolipiwa mwenye ekari 100, bila mwisho.

Sasa yule mtu wa Chicago. Simjui, wala sitahukumu jambo lake, lakini naweza kukuambia njia ambazo mtu wa namna yake hulipwa kihalali. Ya kwanza ni mkataba wa kugawana mavuno. Ikiwa ardhi ni yake na anamkodisha mkulima kwa makubaliano kwamba kila mmoja achukue sehemu ya mahindi, sheria humchukulia kuwa anabeba hatari ya msimu pamoja na mlimaji, na hivyo anastahili sehemu ya malipo inayolingana na sehemu yake ya mavuno. Angekodisha kwa fedha taslimu, malipo yote ya PLC au ARC yangekuwa ya mlimaji. Ya pili ni mpango wa hifadhi ya ardhi ulioanzishwa mwaka 1985, ambao serikali humlipa mwenye shamba kodi ya kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15 ili aache ardhi dhaifu imee nyasi na miti. Kikomo chake ni dola 50,000 kwa mwaka, na hauhitaji mtu akae kijijini. Ukipita barabarani ukaona mteremko wa nyasi ndefu usioliwa na ng'ombe katikati ya mashamba ya soya, mara nyingi ndio huo. Ya tatu ni kuwa mshirika katika ubia wa familia, kama nilivyoeleza. Kinachoweza kumzuia ni utajiri uliopindukia tu, kwa kuwa mtu ambaye wastani wa mapato yake yanayotozwa kodi umezidi dola 900,000 kwa mwaka hastahili malipo ya mazao. Kwa hiyo halali, ndiyo. Kama ni haki ni swali jingine, nami naungana nawe kulikasirikia, kwa sababu fedha ya umma inayotolewa kwa jina la mkulima ingepaswa kumkuta mkulima shambani.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalokugusa wewe moja kwa moja, ambalo ni kodi ya shamba. Mlimaji anayekodi kwa fedha taslimu ndiye anayepokea hundi, lakini mwenye ardhi anajua kwamba hundi hiyo ipo, na anapopanga kodi huihesabu. Mtafiti Barrett Kirwan, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, alikadiria kwamba takriban senti 25 za kila dola ya ruzuku huishia kwa mwenye ardhi kupitia kodi. Wengine walidhani ni zaidi ya hapo, na kiasi hicho hutegemea muda wa mkataba na uhusiano wa watu, lakini mwelekeo haupingiki. Ruzuku hupandisha pia bei ya ardhi yenyewe. Kwa makadirio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, ekari moja ya shamba Iowa ilikuwa na thamani ya wastani wa dola 11,835 mwaka 2023, na kodi ya wastani mwaka huo ilikuwa dola 279. Chuo hicho hicho kilionyesha kwamba mwaka 2022 theluthi mbili ya ardhi ya kilimo ya jimbo ilikuwa mikononi mwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Weka mambo hayo pamoja uone kijana asiye na urithi anakutana na nini: wazee wanaomiliki ardhi isiyo na deni, wakulima wakubwa wenye malipo ya uhakika wakishindana kuikodi, na yeye akiombwa kodi ambayo ndani yake mna ruzuku ambayo hajaipata bado.

Chukua ekari zako 20. Kwa kodi ya wastani utalipa dola 5,580 kabla ya kununua mbegu. Tukichukulia kwamba ekari zote zina msingi wa mahindi na kwamba mwaka ni kama ule wa mfano wangu, ruzuku yako ingekuwa dola 765. Huenda isiwepo kabisa, kwa maana katika miaka ya bei nzuri PLC na ARC hazilipi kitu. Tena, shamba lenye ekari za msingi 10 au chini yake halilipwi, isipokuwa kwa makundi machache kama vile wakulima wanaoanza. Kwa hiyo nakusihi usiingie kwenye kilimo cha mahindi na soya kwa kutarajia ruzuku. Kwa ekari 20 haitakubeba, na mashine za mazao hayo peke yake zitakumaliza.

Lakini nadhani hukusudii kulima mahindi ya kulishia nguruwe. Watu wetu wengi wanaotafuta ardhi huko wanataka lengalenga, bamia, nyanya chungu, maboga na mahindi meupe ya kuchoma, na soko la wenyewe kwa wenyewe lipo. Mboga hazimo katika orodha ya mazao ya PLC na ARC, na kuna sharti ambalo ni lazima ulijue kabla ya kusaini mkataba: mboga au matunda yakipandwa kwenye ekari za msingi kupita zile asilimia 15 zisizolipwa, malipo hupunguzwa ekari kwa ekari. Ikiwa shamba lako litakuwa kipande cha shamba kubwa chenye namba moja ya FSA, mwenye shamba au mlimaji mkuu anaweza kukukatalia kwa sababu hiyo bila hata kukuambia. Mwulize mapema, na umwombe akupe sehemu ambayo mboga zako hazitakula malipo yake.

Kwa mboga, fedha za serikali zipo mahali pengine. Upo mpango wa NAP, ambao ni kinga ya maafa kwa mazao yasiyopata bima ya kawaida. Ukipoteza zaidi ya nusu ya mavuno kwa baridi, mafuriko au ukame, kinga yake ya msingi hulipa kile kilichozidi nusu hiyo kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Ada yake ni dola 325 kwa zao katika kaunti moja, na mkulima anayeanza, yaani mwenye chini ya miaka 10 katika kilimo, husamehewa ada hiyo, mradi aombe kabla ya tarehe ya mwisho ya zao lake, ambayo huwa mapema kabla ya kupanda. Upo mpango wa EQIP wa idara ya hifadhi ya udongo, ambao husaidia gharama za kujenga nyumba za plastiki za kukuzia mboga, na anayeanza anaweza kupewa angalau nusu ya fedha kabla ya kazi. Na ipo mikopo midogo ya FSA isiyozidi dola 50,000, iliyotengenezwa hasa kwa watu wasio na historia ndefu ya kilimo wala ya benki. Ukiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu huhesabiwi kuwa mgeni katika sheria za malipo ya mazao. Jambo moja limebadilika: tangu Julai 2025 Wizara imeacha kutumia rangi na jinsia kama vigezo vya upendeleo, kwa hiyo sifa yako ya kusimamia ni ile ya mkulima anayeanza, nayo inatosha kwa mengi.

Ofisi ya FSA ya kaunti husimamiwa na kamati ya wakulima wanaochaguliwa na wakulima wenzao kwa vipindi vya miaka mitatu. Ni utaratibu mzuri kwa maana wanaoamua wanalijua shamba, na ni hatari kwa maana ile ile, kwa kuwa wanamjua pia nani ni wao na nani si wao. Kesi ya wakulima weusi dhidi ya Wizara, iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 1999 na malipo ya takriban dola bilioni 1, ilihusu watu waliokwenda kwenye ofisi kama hizo wakacheleweshwa au wakarudishwa bila maandishi yoyote. Kwa sababu hiyo sheria sasa inamtaka mhudumu akupe risiti ya huduma, inayoonyesha ulikuja siku gani, uliomba nini na ulijibiwa nini. Nenda na mkataba wako wa kukodi, kitambulisho na namba yako ya mlipa kodi wa serikali. Ikiwa Kiingereza cha ofisi kinakusumbua, nenda na mtu unayemwamini. Omba shamba lako lipewe namba kabla hujapanda, jaza fomu ya hifadhi ya udongo siku hiyo hiyo, uliza tarehe ya mwisho ya NAP kwa kila zao unalokusudia na tarehe ya kuripoti ekari zake, kwa sababu ile ya 15 Julai unayoisikia kwa majirani zako ni ya mahindi na soya na huenda isiwe ya mboga zako zote. Na usiondoke kwenye dirisha lile kabla hujapewa risiti hiyo mkononi, hata kama umeambiwa kwamba leo hakuna unachostahili.